Nilimsifia Zena

Jirani yangu hapa Morogoro ameanza kufuga kuku wa mayai. Juzi aliletewa magunia ya mashudu ya alizeti, yakashushwa chini ya dirisha la jiko langu. Nilikuwa napika. Harufu ikaingia, ile harufu nzito ya alizeti iliyokwisha kukamuliwa, kama karanga zilizoungua kidogo zikachanganyika na vumbi, nami nikajikuta nimezima jiko na kukaa kwenye kigoda bila kujua nimekaa kwa ajili ya nini. Mume wangu akauliza kama naumwa. Nikamwambia mashudu yananuka. Akasema mbona yananukia vizuri tu. Ni kweli, yananukia vizuri.

Kijijini kwetu, kule Iramba, shule yetu ilipakana na mashine ya kukamua mafuta. Ukuta wa nyuma wa ile mashine ulikuwa mahali pekee penye kivuli kisicho na upepo. Anayeijua Singida anaujua upepo wa kiangazi baada ya mavuno. Unabeba mchanga, unabeba makapi, unabeba hata maneno. Mtu anakuita akiwa karibu nawe unamwona anachezesha midomo tu. Kwa hiyo sisi wa darasa la saba tulijibanza pale ukutani, migongo kwenye matofali yaliyopata moto wa injini, miguu juu ya mashudu yaliyomwagika. Hapo ndipo tulipolinganisha majibu ya hesabu siku ya mtihani wa taifa, na hapo ndipo Zena aliposema majibu yake, moja baada ya jingine, na yote yakawa si yale.

Niseme kwanza Zena alikuwa nani. Alikuwa rafiki yangu, na alikuwa mwalimu wangu kuliko hata Mwalimu Shani aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Aliishi na bibi yake, mzaa baba, pamoja na wadogo zake wawili wa kiume. Mama yao alikuwa amefariki, na baba alikwenda machimbo ya dhahabu, akawa anatuma salamu, kisha hata salamu zikakoma. Bibi macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alijua mtu kwa sauti na kwa namna anavyoburuta miguu. Zena ndiye aliyepika, ndiye aliyechota maji, ndiye aliyewaogesha wale wadogo, na katikati ya hayo yote alijua hesabu kama wengine wanavyojua kuimba.

Sehemu zilinishinda mimi. Robo, theluthi, nusu ya theluthi, niliona ni maneno ya kuwatesa watoto tu. Siku moja tukiwa tunachambua vitunguu vya mama yangu, Zena akachukua kimoja, akakikata katikati. Akachukua kipande, akakikata tena.
"Hii ni nini?"
"Kitunguu."
"Acha ujinga, Saumu. Ni sehemu gani ya kile kizima?"
Macho yalikuwa yananiwasha, machozi yananitiririka. Nikasema siwezi, nalia. Akasema, "Lia, lakini jibu." Akaendelea kukata na kuuliza mpaka mama akaja akatufokea kwa kuharibu vitunguu vya watu. Lakini tangu siku hiyo sehemu hazikunisumbua tena.

Kitu ambacho sikukielewa wakati ule ni kwamba Zena hakuwahi kusema nyumbani kwao kuwa anajua. Mwisho wa muhula Mwalimu Shani alitusomea nafasi zetu mbele ya shule nzima, na Zena alikuwa wa kwanza, lakini akifika nyumbani, bibi akimuuliza shule inakwendaje, alijibu, "Tunasoma tu, Bibi." Mimi nilidhani ni adabu. Kwetu mtoto anayejitangaza huonekana hana malezi, basi nikaona rafiki yangu amelelewa vizuri kunizidi.

Wiki chache kabla ya mtihani, Mama Mkubwa alikuja. Huyu ni dada yake mama, aliyeolewa Singida mjini kwenye familia ya wafanyabiashara, akawa na duka la nguo na nyumba yenye umeme. Alipokuja kununua vitunguu vijijini alifikia kwetu, na kijiji kizima kilijua, maana alinukia udi tangu anaposhuka garini. Alasiri ile walikaa uani kwetu, yeye, mama yangu, na bibi yake Zena aliyekuja na fimbo yake kumsalimia mgeni. Mimi nilikuwa pembeni napepeta uwele.

"Mimi nataka binti wa kukaa naye," Mama Mkubwa alikuwa anasema. "Siyo wa kunikimbia. Yule wa mwaka jana nimemfundisha kupika, amekwisha kujua pilau, kaondoka na dereva wa lori."
Wakacheka.
"Zena wangu ni mtulivu," bibi akasema. "Anamaliza shule mwaka huu. Akimaliza tu, mchukue. Na mimi utanikumbuka kwa unga, na hawa wadogo zake wasilale njaa."
"Na akifaulu?"
Bibi akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Mtoto wa kike wa hapa akafaulu wapi? Kazi ya nyumbani tangu alfajiri, huo muda wa kusoma anaupata saa ngapi?"

Ungo ukanitoka mikononi. Niliona rafiki yangu ametukanwa, tena na bibi yake mwenyewe, mbele ya mgeni wa mjini. Nikasimama.

"Zena atafaulu!" nikasema. "Bibi, Zena ndiye wa kwanza darasani. Anatushinda wote, mpaka wavulana. Mwalimu Shani amesema hata kijiji hiki kizima kifeli, Zena atafaulu."

Upepo ukapita juu ya paa, bati likagonga. Mama Mkubwa akanitazama, akatabasamu, akasema, "Kumbe!" Bibi aligeuza uso upande wa sauti yangu. Akaniuliza kwa Kinyiramba, polepole, kama mwalimu ndiye aliyesema hivyo. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba ndiyo, ndiye aliyesema, na kwamba alisema hakuna wa kumzuia.

"Saumu," mama yangu akasema, "kuku wameingia jikoni."

Nikaenda jikoni. Hapakuwa na kuku. Nilisimama pale mlangoni kifua kikiwa mbele, nimejaa fahari kama mtu aliyeshinda kesi. Kesho yake, njiani kwenda shule, nilimsimulia Zena neno kwa neno. "Nilikutetea," nikamwambia. "Ungeona walivyonyamaza wote."

Zena alikuwa amebeba ndoo ya maji ya shule kichwani. Alisimama.
"Bibi alisemaje?"
"Hakusema kitu. Aliuliza tu kama ni kweli mwalimu amesema."
"Ukamwambia?"
"Nikamwambia ndiyo!"
Akarekebisha kata kichwani, akaendelea kutembea. Nilimsubiri anishukuru. Tulipofika shuleni alisema, "Haya," basi.

Siku ya mtihani walikuja wasimamizi kutoka shule nyingine, na askari mwenye bunduki akakaa kwenye kiti chini ya ukingo wa paa la ofisi, tukawa tunapita mbele yake kama tunapita mbele ya simba. Madarasa yalikuwa yamepigwa deki, madawati yametenganishwa. Karatasi za maswali hazikuruhusiwa kutoka, kwa hiyo tulipomaliza hesabu kila mtu alibeba maswali kichwani, na mbio zikawa za kwenda ukutani kwa mashine kabla hayajamwagika. Mwalimu Shani alikuwa ametukataza. "Msilinganishe majibu," alituambia asubuhi ile. "Kesho kuna mitihani mingine. Mtu akijua amekosa leo, kesho anaingia amekwisha kufa." Lakini nani angeweza kujizuia?

Yohana ndiye aliyeanza. Yohana alikuwa wa pili darasani miaka yote, akaubeba upili huo kama kilema.
"Ile ya treni umepata ngapi?"
"Saa nane na robo," nikasema.
"Saa nane na robo," akasema Mariamu, akaruka juu.
"Zena?"
Zena alikuwa amechuchumaa, anachora chini kwa kijiti. "Saa tano," akasema.
Tukacheka. Treni iliyoondoka saa nne kwenda mbali vile ifike saa tano, labda iwe ndege.
"Na ile ya shamba la mstatili?"
Sote tulikuwa na jibu moja. Zena alikuwa na jingine. Ile ya asilimia ya mbuzi waliokufa, jingine. Ile ya pembe za pembetatu alisema jibu ambalo hata mimi, ambaye mwaka mmoja nyuma sikujua pembe ni nini nje ya ng'ombe, nilijua haliwezekani.
"Acha utani, Zena," nikasema. "Unatuficha majibu."
"Siwafichi. Ndiyo nilivyoandika."
"Na zile za kuonyesha njia?"
"Nimeziacha wazi."

Yohana alikuwa wa kwanza kuelewa kuwa si utani, na aliruka akashangilia. Alizunguka uwanja mikono juu, akipiga kelele kwamba amemshinda Zena, amemshinda Zena, na vumbi likamfuata. Simlaumu. Alikuwa mtoto. Mimi sikuruka. Nilijua ni nani aliyefanya haya.

Nilikuwa nimefundishwa, tangu nilipojua kusikia, kwamba ukimsifia mtu lazima useme mashallah. Sifa tupu ni kijicho, hata kama hukukusudia. Mama aliwahi kumfukuza mwanamke uani kwa sababu alisema mdogo wangu amenenepa, akanyamaza hapo. Na mimi nilimsifia Zena mbele ya watu wazima watatu, nikasema hakuna wa kumzuia, wala sikutaja jina la Mungu. Nilimfunga mimi. Macho yangu na mdomo wangu ndivyo vilivyokausha akili zake. Nilifikiri hivyo kwa uhakika kabisa.

Asubuhi yake, kabla ya mitihani ya siku ya pili, niliiba uvumba kwenye sanduku la mama, nikachukua kaa la moto kwenye kopo, nikakimbia kwao Zena. Alikuwa anafagia uwanja. Nikaanza kumzunguka na moshi.
"Unafanya nini?"
"Simama hapo hapo, usicheke. Nilikusifia, sikusema mashallah. Nimekufunga mimi. Mashallah, mashallah, mashallah."
Zena alicheka kweli. Alicheka mpaka akaegemea ufagio. Kisha kicheko kikageuka, nikaona mabega yanatetemeka vingine.
"Moshi unaniingia machoni," akasema.
"Vumilia, ndiyo dawa."
"Si wewe, Saumu." Akajifuta kwa kanga. "Si wewe, bwana. Twende, tutachelewa."
Kutoka ndani bibi akauliza nani anachoma uvumba asubuhi yote hii. Zena akamjibu kuwa ni mimi.
"Mwambie akazane na mtihani wake," bibi akasema.

Matokeo yalipokuja nilikuwa nimechaguliwa. Yohana pia, na wengine wachache. Jina la Zena halikuwepo. Mwalimu Shani alisoma mara nyingi ile karatasi iliyobandikwa ukutani kwa ofisi, akapitisha kidole juu mpaka chini. Jioni alikwenda kwao Zena, nami nilikuwepo, namsaidia Zena kumenya maboga. Alisimama uani na kofia mkononi.

"Shikamoo, Bibi."
"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."
"Sikai. Bibi, huyu mtoto hawezi kupata alama hizi. Hata akiwa mgonjwa, hata akiwa amelala."
"Mwalimu," bibi akasema, "karatasi ndiyo imesema. Mimi sijui kusoma."
Mwalimu akamgeukia Zena. "Niambie kitu kimoja tu. Ile ya treni uliikosaje?"
"Nilichanganyikiwa, mwalimu."
Mwalimu Shani alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Alitutakia jioni njema. Nilipomtazama kutoka nyuma nikaona anatembea kama mtu aliyepoteza kitu barabarani.

Mama Mkubwa alikuja kumchukua Zena baada ya muda mfupi. Mimi nililia kwa wivu. Niliona yeye ndiye mwenye bahati, anakwenda mjini kabla yangu, ataona taa, atakula chipsi. Halafu mama akaniambia kwamba nami nitafuata. Mama Mkubwa alikuwa amenihamishia nafasi yangu ya sekondari kulekule, nitakaa kwake. Nilifurahi kiasi cha kushindwa kulala. Zena na mimi nyumba moja!

Na kweli tulikaa nyumba moja, chumba kimoja, kitanda kimoja mpaka tulipokua, tukatenganishiwa. Nilipoamka kwenda shule yeye alikuwa amekwisha kuwasha jiko. Sare yangu ilikuwa imepigwa pasi ya mkaa, kola imesimama. Mwanzoni nilimwambia aache, nitafua mwenyewe, na Mama Mkubwa akanikataza, akasema kila mtu ana kazi yake humu ndani, ya kwangu ni kusoma. Hakusema kwa ubaya. Mama Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Sikukuu tulishonewa nguo za kitambaa kimoja, Zena na mimi, na Zena alipougua malaria Mama Mkubwa alilala naye hospitali. Unga ulikwenda kwa bibi, sukari ilikwenda, wale wadogo walipata daftari na viatu. Alitimiza kila alichoahidi. Nadhani ingekuwa rahisi kwangu kama asingetimiza.

Nilipofika kidato cha pili, aljebra ikanifanya kama sehemu zilivyonifanya. Jioni moja nilikuwa mezani na daftari, Zena akapita na vyombo.
"Zena, hebu njoo unielekeze. Hii x inakwenda wapi?"
Alisimama nyuma yangu. Nilimsikia anapumua. Nikainua kalamu nimpe.
"Sijui mimi hizo," akasema. "Nimesahau."
Akaenda kuosha vyombo. Mpaka leo sijui kama alikuwa amesahau kweli. Nilikaa namtazama mgongo wake mlangoni, nikamwona amechelewa mno kwenye sufuria moja.

Nilikuja kujua siku ya wageni. Rafiki wa Mama Mkubwa alikuja na dada yake kutoka Dodoma, wakawa wanakunywa chai sebuleni. Zena alikuwa kwenye baraza ya ndani, anachambua mchele kwenye ungo. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa naingia na sinia la maandazi.
"Huyu binti wako umempata wapi?" yule mgeni akauliza. "Mwerevu. Nimemtuma mara moja tu, ameleta kila kitu na chenji sawasawa."
"Mwerevu sana," Mama Mkubwa akasema. "Tena ningemkosa. Bibi yake alidhani mtoto hajui kitu. Angeacha tu afanye mtihani, angefaulu, na mtoto akishachaguliwa unajua tena, usipompeleka shule mtendaji wa kijiji yupo mlangoni. Huyu hapa ndiye aliyetustua." Akanishika mkono, sinia likayumba. "Alisimama akatuambia, atafaulu huyo! Ndipo bibi akamweka mtoto chini, akamwambia, mwanangu, ukaandike vibaya. Na mtoto wa watu ana adabu, akatii. Saumu ndiye aliyenipatia Zena."

Wageni wakacheka kwa upole, wakanisifu. Nakumbuka mmoja alisema mashallah. Mama Mkubwa alikuwa ananishukuru. Hakukuwa na kitu kingine usoni mwake ila shukrani, na nilisimama pale nimeshikwa mkono nikishukuriwa. Kule barazani mchele uliendelea kurushwa na kudakwa, kurushwa na kudakwa. Zena hakuinua kichwa.

Sikuweza kumkabili siku ile. Nilisubiri mpaka Ijumaa, Mama Mkubwa alipokwenda kwenye maulidi, nikamkuta Zena anaanika nguo. Nguo zangu.
"Ulijua?" nikamuuliza.
Alikuwa na kibanio mdomoni. Akakitoa. "Nilijua nini?"
"Kwamba ni mimi. Kwamba nilivyosema pale uani ndiyo…"
"Nilijua tangu siku ile uliponisimulia njiani."
"Mbona hukuniambia?"
Alifikiri, kama alivyokuwa akifikiri zamani kabla ya kujibu swali la Mwalimu Shani.
"Ulikuwa na furaha sana," akasema.

Akachukua sketi yangu, akaikung'uta, ikapiga kelele kama bendera. Ndipo akaniambia yote, kwa sauti ya kawaida, huku anaanika. Alikuwa amepanga. Angenyamaza nyumbani mpaka matokeo yatoke, na yakishatoka bibi asingekuwa na la kufanya, mtendaji angemlazimisha. Alikuwa amenyamaza hivyo tangu darasa la nne. Halafu jioni ya siku ile niliyomsimulia njiani, bibi alimwita, akamshika uso kwa mikono miwili kama anavyosoma watu, akamwambia kwamba amesikia ana akili nyingi. Bibi alilia, alisema Zena. Alisema, ukienda shule mimi nitakufa na hawa watoto watakufa, sasa chagua. "Wewe ungechagua nini?" Zena akaniuliza, na hakuniuliza kwa ukali. Alitaka kujua tu.

Nilimwambia sijui. Nilimwambia nisamehe. Akasema, "Nikusamehe nini? Ulisema ukweli." Na hilo ndilo linalonikaba mpaka leo. Ningekuwa nimesema uongo ningetubu. Ningekuwa nimeiba ningerudisha. Lakini nilisema kweli, kwa mapenzi, kwa sauti kubwa, na ikatosha kumfungia mtu mlango.

Bibi alifariki nilipokuwa kidato cha nne. Zena akaondoka kwa Mama Mkubwa, wakaagana kwa machozi ya kweli pande zote mbili, akaenda Manyoni na wadogo zake, ambako ndugu yao mmoja alikuwa amepata kazi ya ufundi umeme. Aliolewa, akaachika, akafungua mgahawa karibu na stesheni. Mimi nikaendelea na masomo, na sasa kazi yangu ni ya hesabu, kila siku, ofisini. Nilipopata mshahara wa kwanza kumpigia simu lilikuwa jambo la kwanza nililofanya. Nilimwambia kuna masomo ya jioni kwa watu wazima, atasoma, atafanya mtihani wa sekondari, nitalipa mimi kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Saumu," akasema, "unataka mimi nisome, au unataka wewe ulale?"
Akacheka, akaniuliza habari za kazini.

Mwaka jana nilipita Manyoni nikitoka msibani Singida. Mama Mkubwa alikuwa amefariki. Zena alishindwa kwenda kwa sababu ya mguu uliovimba, kwa hiyo nilimpelekea salamu za wafiwa. Mgahawa wake ulikuwa umejaa, wanawake wa sokoni wamekaa kwenye mabenchi wanakula wali maharage. Alinikumbatia, akanikalisha karibu na meko. Tulilia kidogo, tukala. Alasiri mtoto wake akaingia na sare za shule, msichana mrefu mwenye macho ya Zena, akatupa shikamoo wote mmoja mmoja kwa mpangilio. Yuko darasa la saba. Siku ile walikuwa wamefanya mtihani wa majaribio wa hesabu.

"Haya, umewezaje?" mwanamke mmoja akamuuliza.
"Kawaida tu, mama," mtoto akasema.
"Huyu?" Zena akadakia huku anakoroga chungu. "Huyu kichwa maji. Hesabu hazipandi kabisa. Tunamwombea tu amalize."
Wanawake wakacheka, wakasema watoto wa siku hizi ni simu tu. Mtoto hakukasirika. Aliweka begi, akaanza kukusanya sahani.

Wanawake wakaondoka mmoja mmoja. Tulibaki watatu. Nikasogeza kiti, nikashusha sauti, kama watu wenye siri moja.
"Niambie kweli," nikamwambia Zena. "Ni kama wewe, sivyo?"

Mikono ya mtoto ilisimama juu ya sahani. Alimtazama mama yake. Zena alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kwa upendo, sina shaka ulikuwa upendo, kisha akafunika chungu.

"Wastani tu, Saumu," akasema. "Wastani tu."